Mwamba Ngoma wa North Carolina

Kwetu Uchagani mpaka wa kihamba hauwekwi kwa waya. Hupandwa masale. Sale ni mmea wa majani marefu, hauna ua la kujivunia wala tunda la kuliwa, lakini ukishapandwa baina ya vihamba viwili, basi hata mtoto anajua kwamba hapa ni kwetu na pale ni kwao. Jani la sale hilohilo ndilo anapelekewa mtu uliyemkosea, kumwomba msamaha.

Bibi yangu alikuwa na jirani mmoja. Kila masika jirani huyo alikuwa akisema sale fulani limekufa, analipanda upya. Na kila alipolipanda, lilisogea kidogo, nusu hatua tu. Ilipopita miaka kadhaa, migomba miwili ya bibi ikawa inasimama upande wa jirani. Wazee wakaitwa, wakakaa. Bibi hakupiga kelele. Alisema, "Ndizi angeniomba ningempa. Lakini huyu ameniibia mpaka."

Ndugu msomaji, usidhani nimepotea njia. Nimekumbuka maneno ya bibi kwa sababu miezi hii nimekuwa nikisoma habari za North Carolina, jimbo la Marekani lililo ufukweni mwa Atlantiki, kusini ya Virginia. Jimbo hilo limepangiwa uchaguzi wa wabunge tarehe 3 Novemba 2026, katika wilaya zake zote 14. Nilianza kusoma nikitaka kujua nani atashinda. Kumbe nilikuwa nimeanzia mwisho. Kwa nchi ile, swali la kwanza si nani anagombea wapi, ila ni nani alichora hiyo "wapi".

Kwanza tuelewane maneno. Kwetu sisi jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Kule Marekani jimbo ni kubwa, lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake, na majimbo yako 50. Eneo la mbunge anayekwenda Washington, katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 435, nitaliita wilaya. Kila baada ya miaka 10 watu huhesabiwa, na viti hugawanywa upya kwa majimbo. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 10,439,388 North Carolina, jimbo likapata viti 14 badala ya 13. Gawanya, utaona kila wilaya inapaswa kuwa na watu kama 745,000 hivi.

Hesabu hiyo haina ubishi. Ubishi uko kwenye mstari. Hapa Tanzania, na kwa jirani zetu Kenya, kazi ya kugawa majimbo ni ya tume ya uchaguzi. Maneno hayakosi, lakini angalau anayechora si yule anayegombea. North Carolina kalamu wanayo wabunge wa jimbo wenyewe. Wao huchora wilaya za Washington, na huchora pia maeneo watakayogombea wao. Gavana, ambaye huweza kukataa sheria nyingine, kwa ramani hizi hana kura ya turufu. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sasa hapa mwamba ngoma kapewa ngozi, kamba na mzinga, na mchezaji ni yeye mwenyewe!

Hebu tufanye mfano mdogo, maana mimi mwenyewe sikuelewa mpaka nilipochukua karatasi. Tuseme kijiji kina wapiga kura 50. Chama cha Embe kina 30, chama cha Nanasi kina 20. Tunataka wilaya tano za watu kumi kumi. Ukiwachanganya sawasawa, kila wilaya itakuwa na Embe 6 na Nanasi 4. Embe anachukua viti vyote vitano, na Nanasi, pamoja na watu wake 20, anatoka mikono mitupu. Sasa mpe kalamu Nanasi. Anawarundika watu wa Embe tisa tisa katika wilaya mbili, halafu wilaya tatu zinazobaki anajiwekea watu wake sita sita. Nanasi mwenye watu 20 anapata viti vitatu, Embe mwenye watu 30 anapata viwili. Hakuna kura hata moja iliyoibwa. Hakuna sanduku lililochomwa. Kila mtu kapiga kura yake kwa amani, karudi nyumbani.

Kwa hiyo mbinu ni mbili: kuwarundika wapinzani mahali pamoja, au kuwatawanya wasipate kutosha popote. Wamarekani wana jina la mchezo huu, gerimanda, kutokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts aliyetia sahihi ramani ya namna hiyo mwaka 1812. Wilaya moja ilikuwa imepinda kama mjusi, magazeti yakaunganisha jina la bwana mkubwa na jina la mjusi.

Sasa turudi North Carolina, na turudi nyuma mpaka miaka iliyofuata vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Utumwa umefutwa, wanaume weusi wamepata kura. Wakati ule watu weusi walikuwa Warepublican, chama cha Lincoln, na Wademokrati wa Kusini ndio waliokuwa chama cha wazungu waliotaka mambo yarudi kama zamani. (Usichanganyikiwe, katika karne ya 20 vyama hivi vilibadilishana watu taratibu.) Wademokrati waliporudi kushika bunge la jimbo, walikaa na ramani. Kaskazini-mashariki, kwenye nchi ya pamba na tumbaku, kulikuwa na kaunti kama Warren, Halifax na Edgecombe ambako weusi walikuwa wengi. Wafanyeje? Mwaka 1872 wakawarundika wote katika wilaya moja, ile ya pili, ili wilaya nyingine zibaki salama mikononi mwao. Watu wakaiita Ya Pili Nyeusi.

Mimi naona hapa pana kitu cha kuandikia riwaya. Maana wale waliorundikwa hawakukaa wakalia. Walisema, kama mmetupa chumba kimoja, basi chumba hicho ni chetu. Kati ya 1874 na 1898 wilaya ile iliwapeleka Washington watu weusi wanne kwa nyakati mbalimbali: John Hyman, aliyezaliwa mtumwa, kisha James O'Hara, kisha Henry Cheatham, na mwishowe George Henry White.

Nataka tukae kidogo na huyu White. Alizaliwa 1852, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, akawa mwalimu na mwanasheria. Aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1897, na humo ndani alikuwa mtu mweusi peke yake. Fikiria wewe umekaa kwenye ukumbi wa mamia ya watu, unazungumzia watu wako wanavyouawa, na hakuna mwingine aliyezaliwa kwa watu hao. Mwaka 1900 alipeleka muswada wa kuyafanya mauaji ya makundi, yale ya kumkamata mtu na kumnyonga bila mahakama, kuwa kosa la taifa zima. Muswada ulifia kwenye kamati.

Wakati yeye yuko Washington, nyumbani moto ulikuwa umeshawaka. Mwaka 1898 Wademokrati walifanya kampeni ya wazi ya kurudisha utawala wa wazungu. Magazeti yalichora vikatuni vya kutisha, na wanaume wenye mashati mekundu walizunguka na bunduki vijijini. Tarehe 10 Novemba, siku mbili tu baada ya uchaguzi, kundi la wazungu wenye silaha katika mji wa bandari wa Wilmington lilichoma ofisi ya gazeti la Daily Record, lililokuwa la watu weusi, likaua watu mitaani, na likamlazimisha meya na madiwani wajiuzulu. Alfred Moore Waddell, mmoja wa viongozi wa kundi, akawa meya jioni ileile. Idadi ya waliokufa haijapata kujulikana kwa hakika mpaka leo. Huo ulikuwa uasi dhidi ya serikali halali ya mji, na waliofanya hivyo hawakufikishwa mahakamani. Walipanda vyeo.

Lakini bunduki ni kitu cha aibu, huwezi kuitoa kila uchaguzi. Wakaja na karatasi. Tarehe 2 Agosti 1900 katiba ya jimbo ilibadilishwa. Anayetaka kupiga kura alipe kodi ya kichwa. Na aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba mbele ya mwandikishaji, na mwandikishaji ndiye mwamuzi kama umesoma vizuri au la. Je, wazungu wasiojua kusoma, na walikuwa wengi, watakwenda wapi? Hao walitengenezewa kifungu cha babu: kama wewe au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla ya hapo, mtihani haukuhusu, mradi ujiandikishe kabla ya Desemba 1908. Na mtu mweusi wa North Carolina mwaka 1867, babu yake alikuwa nani? Alikuwa mtumwa jana tu, kura hana. Sheria haikutaja rangi hata kidogo. Hapo ndipo ujanja ulipo, bwana.

White akaona hakuna tena wa kumpigia kura. Hakugombea. Alieleza kwamba hawezi kuishi North Carolina akawa mwanamume na akatendewa kama mwanamume. Tarehe 29 Januari 1901 alitoa hotuba ya kuaga bungeni, akasema kwaheri hii ni ya muda tu, iko siku watu wake watainuka na kurudi. Akahama jimbo. Alifariki 1918 bila kuiona siku hiyo.

Hebu hesabu. Baada ya White, Marekani nzima haikuwa na mbunge mweusi mpaka Oscar De Priest alipochaguliwa kutoka Chicago mwaka 1928. Majimbo ya Kusini yalingoja mpaka 1972. Na North Carolina yenyewe? Ilingoja mpaka 1992. Miaka 91 tangu ile hotuba! Mtoto aliyezaliwa siku White anaaga aliweza kuzeeka, kupata wajukuu na kufa, asimwone mbunge wa namna ile.

Kilicholeta mabadiliko ni damu na sheria. Damu naijua kidogo kupitia vijana wanne wa chuo cha North Carolina A&T kule Greensboro, ambao tarehe 1 Februari 1960 walikaa kwenye kaunta ya chakula ya wazungu katika duka la Woolworth, wakaomba kahawa, wakakataliwa, wakabaki wamekaa. Kesho yake wakaja wengi zaidi. Baada ya miaka mitano ya mapambano ya namna hiyo katika Kusini yote, ikapatikana Sheria ya Haki za Kupiga Kura, tarehe 6 Agosti 1965.

Baada ya sensa ya 1990, North Carolina ilichora wilaya mbili ambamo weusi walikuwa wengi. Ya kwanza ilikuwa kaskazini-mashariki, nchi ileile ya White. Eva Clayton akashinda. Ya kumi na mbili ilikuwa kama nyoka: urefu wa maili 160 hivi, ikifuata barabara kuu nambari 85 kutoka Durham mpaka Charlotte, mahali pengine upana wake ni barabara tu. Mbunge mmoja wa jimbo alitania kwamba ukiendesha gari barabara hiyo huku umefungua milango yote miwili utawagonga karibu wapiga kura wote wa wilaya. Mel Watt akashinda huko.

Hapa lazima niseme ukweli hata kama unauma upande ninaoupenda. Nyoka yule naye alikuwa mstari uliovutwa, na waliovuta safari hiyo walikuwa Wademokrati. Wakazi wazungu wa Durham walishitaki, na mwaka 1993, katika kesi ya Shaw v. Reno, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema ramani ya ajabu hivyo inaweza kupingwa kwa kuwa imegawa watu kwa rangi. Mwaka 1996 wilaya hiyo ikabatilishwa. Moyo wangu unasema, kwa nini mstari ulianza kuonekana mbaya siku ulipomfaidia mtu mweusi? Akili yangu inasema, ukishakubali kwamba mpaka unaweza kupindwa kwa nia njema, utamzuiaje mwenye nia nyingine?

Na mwenye nia nyingine alikuja. Mwaka 2010 Warepublican walishinda bunge la jimbo, kalamu ikabadilisha mkono, na safari hii kulikuwa na kompyuta inayojua kila mtaa umepigaje kura. Uchaguzi wa 2012, wagombea wa Wademokrati walipata zaidi kidogo ya nusu ya kura zote za Baraza la Wawakilishi katika jimbo. Viti walipata 4 kati ya 13. Ni mfano wetu wa Embe na Nanasi, ila huu si wa kwenye karatasi. Mahakama zilipokataa ramani hiyo kwa sababu ya rangi, mwaka 2016 ikachorwa nyingine, na mmoja wa wenyeviti wa kamati, David Lewis, akasema hadharani kwamba anapendekeza viti 10 kwa 3 kwa kuwa haamini kama inawezekana kuchora 11 kwa 2. Jamaa hakumung'unya maneno!

Ramani hiyo ndiyo iliyopitisha mstari katikati ya chuo cha A&T. Ndiyo, chuo kilekile cha vijana wanne wa kahawa. Wanafunzi wa upande mmoja wa njia wakawa wilaya ya 6, wa upande wa pili wilaya ya 13. Chuo kikubwa kuliko vyote vya kihistoria vya watu weusi Marekani kikapasuliwa kama papai, kila kipande kikamezwa na wilaya ambamo hakina uzito. Mwaka 1960 ukikataliwa kahawa unajua umekataliwa, na anayekukataa unamwona uso. Hawa wa 2016 waliamka asubuhi wakaenda darasani, hawakuona chochote.

Kesi ilifika Washington. Tarehe 27 Juni 2019, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama Kuu ilisema mchezo wa kuchora kwa faida ya chama unaweza kweli kuwa dhuluma, lakini si kazi ya mahakama za shirikisho kuuamua. Majimbo yamalizane yenyewe. Basi tazama jinsi yalivyomalizana. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo ilikataza ramani ya upendeleo, ikatumika iliyosimamiwa na mahakama, matokeo yakawa 7 kwa 7. Mwaka huohuo uchaguzi wa majaji ukabadili wengi ndani ya mahakama hiyo, na Aprili 2023 mahakama ileile ikafuta uamuzi wake. Bunge likachora upya. Mwaka 2024, matokeo yakawa 10 kwa 4. Wapiga kura wa North Carolina hawakuhama wala hawakugeuka namna hiyo kwa miaka miwili. Kilichohama ni sale.

Tena haikutosha. Mwaka 2025, bila sensa mpya, Texas ilichora ramani upya mwezi Agosti ili Warepublican waongeze viti. California ya Wademokrati ikajibu kwa kura ya maoni ya Novemba. Katikati ya ugomvi huo, Oktoba 2025, bunge la North Carolina lilipitisha ramani nyingine, na waliopitisha walisema wazi wanataka kiti cha 11. Kiti kipi? Ile wilaya ya kwanza, ya kaskazini-mashariki, ambayo tangu Eva Clayton ilikuwa imepeleka wabunge weusi bila kukatika, na ambayo mwaka 2024 Don Davis, Mdemokrati, aliishinda kwa tofauti ndogo sana. Waliongeza kaunti za pwani upande huu, wakapunguza upande ule. Novemba 2025 majaji watatu wa shirikisho walikubali itumike katika uchaguzi wa 2026.

Wengine watasema kiti kimoja ni nini? Mwaka 2024 Warepublican walipata viti 220 na Wademokrati 215. Kwa tofauti kama hiyo, viti vichache vinaweza kuamua nani anatunga sheria za nchi yenye mkono mpaka kwenye dawa za hospitali zetu. Lakini mimi hilo siyo linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni kwamba ardhi ileile, watu walewale wa karanga na pamba, walirundikwa 1872, wakafungiwa mlango 1900, wakafunguliwa 1992, na 2025 wakasogezewa sale tena. Mara hii bila shati jekundu, bila bunduki, na bila kosa la jinai. Don Davis au mwingine yeyote anaweza bado kushinda huko, maana watu si mawe na ramani hukosea. Hata Ya Pili Nyeusi ilichorwa iwe jela, ikawa mlango. Ila mtu asilazimike kuwa shujaa ndipo kura yake ihesabike kama ya mwenzake.

Vijana wenzangu, sisi tunajua kusimama kwenye foleni ya kura. Tunajua kulinda kituo usiku, tunajua kubishana vijiweni nani ameiba na nani ameibiwa. Lakini mwaka 2025 hapa kwetu yaliongezwa majimbo 8, yakafika 272. Ni wangapi kati yetu tuliuliza mistari mipya imepita wapi na kwa nini? Mimi, mwandishi wa makala hii ndefu juu ya Wamarekani, sikuuliza. Naliandika hili kwa aibu.

Kesi ya bibi iliisha hivi: wazee walitembea mpakani pamoja na watu wa pande zote mbili, mchana kweupe, wakiulizana kila mmoja anakumbuka nini, ndipo masale yakarudishwa. Jirani alileta jani lake la sale, bibi akalipokea. Kuanzia mwaka ule kila masika bibi alitoka mwenyewe kwenda kuyaangalia masale, mvua inyeshe isinyeshe. Ndizi aliziacha zikomae.